Fizio ya enka inayoteguka kila mara, braisi ya kamba na ubao wa balansi: maoni yangu baada ya kutumia vyote

Nacheza netiboli, GA (mfungaji), timu ya mtaani hapa Dar, na anayecheza netiboli hahitaji kuelezwa habari za enka, yaani kifundo cha mguu. Unadaka mpira uko hewani, ukitua huruhusiwi kukimbia nao, una sekunde 3 tu uwe umeutoa, kwa hiyo mwili wote uliokuja kwa kasi inabidi usimame hapo hapo kwenye mguu mmoja, na mara nyingi pale unapotua pana kiatu cha beki. Enka yangu ya kulia iliteguka hivyo mara ya kwanza, ikavimba, ikapona, ila baada ya hapo ndo ikawa tabia, kokoto tu inateguka, nashuka kwenye daladala inateguka, nageuka uwanjani hakuna hata aliyenigusa inateguka. Haiumi muda wote, unaweza kukaa wiki kadhaa umeshasahau kabisa afu siku moja inakuachia ghafla. Ile hali ya kutouamini mguu wako mwenyewe inachosha kuliko maumivu, mi nilifika mahali nikipanda ngazi naangalia chini kila hatua.

Kwa hiyo naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa netiboli, basketi, voliboli, wacheza ndondo, na hata wasiocheza chochote, maana pale kliniki nilimkuta mama mmoja yeye alitegukia sokoni na kikapu mkononi na tangu hapo mguu hauko sawa. Nitaongelea kwa kirefu huduma ya fizio niliyopata, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, afu braisi, kile kifaa cha kuvaa kinachoshikilia enka, afu ubao wa balansi. Jina la kliniki siliweki, sitaki ionekane natangaza biashara ya mtu, nachotaka ujue ni huduma yenyewe inatakiwa iweje ili ukienda popote pale uweze kujua kama unahudumiwa au unatolewa hela tu.

Nianze na zile soksi za kubana, zile nyeusi za kuvuta zenye tundu kisiginoni, Kariakoo zimejaa na bei yake haiumizi. Zinapasha joto na zinakukumbusha kwamba mguu una shida, basi. Hazizuii enka kukunja. Kama unanunua kwa ajili ya uvimbe kidogo sawa, kama unanunua ili ucheze mechi ukiwa na enka iliyolegea, hiyo hela weka akiba ya kitu kingine.

Na kabla sijafika fizio nilipita hospitali moja, nayo siitaji, ambako kila nikienda ni eksirei, vidonge vya maumivu, krepu bandeji, "pumzika wiki mbili", kwaheri. Eksirei safi, mfupa mzima, kwa hiyo "huna tatizo". Sasa hapa niseme kitu ambacho nilikuja kukielewa baadaye na naona kila mtu anastahili kukijua. Eksirei inaonyesha mfupa. Kamba zinazoshika mfupa mmoja na mwingine, yaani ligamenti, haikuonyeshi. Na hata hiyo eksirei sio kila aliyeteguka anaihitaji, kuna utaratibu unaoitwa Ottawa, ulitoka Kanada mwaka 1992 kwa daktari Ian Stiell na wenzake, ambao ni rahisi kabisa: daktari anabonyeza ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili iliyochomoza pembeni ya enka, sentimita 6 za chini, anabonyeza na sehemu mbili za mguu penyewe, na anaangalia kama unaweza kutembea hatua 4. Kama hakuna penye maumivu kwenye mfupa na hatua 4 unapiga, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana na eksirei unaweza kuiacha. Hakuna aliyenibonyeza. Nililipia picha tu, na ile picha ikawa ndo mwisho wa maswali.

Haya sasa fizio. Alinielekeza kocha wa timu nyingine, akasema kuna kijana mmoja yupo kliniki ndogo, ana subira. Nikaenda nimevaa viatu vya wazi nikijua nitalazwa kitandani nichuliwe na mafuta kama tulivyozoea. Nikakaa, nikanyoosha mguu, yeye wala hajaugusa. Akanipa karatasi akasema, "Dada, kabla sijaushika huo mguu naomba unijibu haya kwanza, na ujibu kwa kila mguu peke yake." Mi nikasema sawa dokta.

Ile karatasi ina maswali 9. Inaitwa Cumberland, kwa kifupi CAIT, ilitengenezwa Australia, Chuo Kikuu cha Sydney, na Claire Hiller na wenzake, ikatoka 2006. Inauliza vitu ambavyo kama una hii shida unajisikia kama mtu alikuwa anakufuata nyuma: enka inakuachia ukikimbia kwenye ardhi isiyo sawa? ukishuka ngazi? ukisimama mguu mmoja? ukirukaruka pembeni? ikianza kukunja unaweza kuizuia? ikishakunja inachukua muda gani kurudi sawa? Unapata alama kuanzia 0 mpaka 30, na kadiri alama zinavyokuwa chache ndo mguu wako una hali mbaya. Kuna kundi la watafiti wa enka wa nchi mbalimbali, International Ankle Consortium, 2013 walikaa wakakubaliana nani ahesabiwe kwamba ana hii hali kwenye tafiti zao, na alama 24 kushuka chini ni moja ya vigezo, pamoja na kwamba uliwahi kuteguka kweli kweli angalau mara moja na ile mara ya kwanza iwe imepita miezi 12, na mguu uwe unakuachia au unateguka tena au unahisi haujatulia. Wangu wa kushoto ulikaribia kujaza. Wa kulia ulikuwa chini vibaya mno hadi nikanyamaza.

Afu ndo akaanza kupima, na hapa ndo nataka msome taratibu maana hii ndo sehemu ambayo inatofautisha huduma na huduma. Kwanza alinisimamisha mbele ya ukuta, akabandika utepe sakafuni, akaniambia nisogeze goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, afu nirudi nyuma kidogo kidogo mpaka pale ambapo goti linagusa kwa shida, akapima kwa rula toka kidole gumba mpaka ukutani. Kushoto nilienda mbali vizuri. Kulia kisigino kilikuwa kinanyanyuka mapema na mbele ya enka nahisi kama kuna kitu kimeziba. Kumbe hii ni kawaida sana kwa watu wa enka zilizolegea na wengi hawaijui, tunadhani shida ni kulegea tu, kumbe upande mmoja umelegea na upande mwingine umekaza, goti haliendi mbele ya vidole inavyotakiwa, kwa hiyo ukitua hujikunji vizuri na mguu unabaki kwenye ule mkao wa hatari.

Pili akanisimamisha mguu mmoja, mikono kiunoni, macho wazi afu macho yamefungwa. Aliniambia niangalie mguu wangu kabla ya kufunga macho. Naangalia naona zile kano za juu ya mguu zinacheza cheza, zinakaza zinaachia, vidole vinang'ang'ania sakafu, kushoto zilikuwa zimetulia na kulia zilikuwa kama mtu anapiga gitaa. Nikafunga macho, haikuchukua muda nikashusha mguu.

Tatu alichora nyota kwa utepe, mistari mitatu, mmoja mbele na miwili inaenda nyuma kwa mshazari, unasimama katikati kwa mguu mmoja na mwingine unaufikisha mbali uwezavyo kwenye kila mstari, unagusa kidogo tu unarudi bila kuanguka. Zamani ilikuwa mistari 8, sasa wengi wanatumia hiyo 3. Anapima sentimita, analinganisha na urefu wa mguu wako, anaandika. Mwisho kabisa ndo akanilaza akaushika mguu, akashika ugoko kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine akavuta kisigino mbele taratibu, akalinganisha na upande wa pili. Akaniambia ligamenti ya mbele imelegea kidogo ila sio vibaya sana, na shida kubwa zaidi anaiona kwenye utawala wa mguu kuliko kwenye kamba yenyewe.

Hapo nikamuuliza, dokta, unamaanisha nini utawala? Akavuta kiti akanielezea na tangu siku hiyo nimesoma sana hii habari, kwa hiyo nawapa nilichoelewa.

Enka upande wa nje ina ligamenti tatu. Ya mbele ndo dhaifu na ndo inakatika au kuvutika kwanza, maana tunateguka vidole vikiwa vimeelekea chini na unyayo umekunjika kuangalia ndani, na huo mkao ndo unaoivuta yenyewe. Zamani watu walidhani hadithi inaishia hapo, kamba imelegea basi mguu umelegea. Afu mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza anaitwa Freeman na wenzake wakasema hapana, kuna watu ligamenti zao zikishikwa ziko imara lakini bado mguu unawaachia. Wakasema ndani ya zile ligamenti na kapsuli, ule mfuko unaoizunguka jointi, kuna vipokezi vinavyoutaarifu mwili mguu umekaaje, ukiumia vinaharibika, kwa hiyo taarifa inachelewa au haifiki na misuli inachelewa kukaza, na huo ndo utawala aliokuwa anausema. Na wao ndo walioanza kuwasimamisha wagonjwa kwenye ubao unaoyumba kama tiba. Yaani ule ubao tunaouona gym tukidhani ni urembo una umri wa miaka 60.

Baadaye 2002 Jay Hertel wa Marekani akaziunganisha zile hadithi mbili, kwamba kuna kulegea kwa kimuundo na kuna kulegea kwa kiutendaji na mtu anaweza kuwa na kimoja au vyote, na ndo maana MRI ya mtu, ile picha inayoonyesha mpaka ligamenti, inaweza kuonyesha ligamenti imechoka na yeye anacheza fresh, na mwingine picha yake safi na anateguka kwenye zulia. Siku hizi wameenda mbali zaidi wanaangalia mpaka ubongo na hofu, jinsi mtu anavyoanza kutembea tofauti na kutumia nyonga kufidia enka. Kuna kazi ya Dublin ya 2006 ilionyesha watu wa hivi wakitembea tu kawaida, kabla hata kisigino hakijagusa chini, mguu tayari umeshakunjika kuangalia ndani kuliko wa watu wasio na shida ya enka. Fikiria, hujakanyaga na tayari umeshajiweka kwenye mkao wa kuteguka. Hiyo soksi ya kubana itairekebishaje?

Na hao hao wa Dublin, University College, walifanya kitu ambacho kila kocha angekijua ningefurahi sana. Waliwachukua watu walioteguka kwa mara ya kwanza kabisa maishani wakawafuatilia mwaka mzima, matokeo yakatoka 2016, asilimia 40 wakawa wameingia kwenye hii hali ya kudumu. Arobaini, wa kuteguka mara moja tu! Na dalili ya mapema ilikuwa ni wale ambao ndani ya wiki 2 baada ya kuumia walishindwa kumaliza zoezi la kuruka na kutua. Sasa linganisha na huku kwetu, mtu akiteguka anafungwa bandeji anaambiwa ukisikia nafuu rudi, hakuna anayempima kuruka na kutua, nafuu ni uvimbe kuisha. Mabinti wangapi wa netiboli wa mashuleni wameacha mchezo kwa hili na wakaambiwa ni waoga. Hii inaniuma kweli.

Turudi kwenye huduma. Programu niliyopewa ilikuwa na hatua na hukupandishwa hatua mpaka kipimo kikubali, sio kwa sababu wiki zimepita. Mwanzo ilikuwa kufungua ile jointi, anafunga mkanda kuzunguka sehemu ya mbele ya enka, anashikilia mfupa wa juu ya kisigino urudi nyuma huku mi napeleka goti mbele, taratibu, hakuna maumivu, na nyumbani naendelea na goti ukutani asubuhi na jioni. Pamoja na hiyo, lastiki. Unafunga kwenye mguu wa meza unavuta mguu kwenda nje, maana misuli ya nje ya ugoko ndo inayotakiwa kuvuta mguu urudi pale unapoanza kukunja. Kupanda kwa vidole, miguu miwili afu mmoja. Na nyonga, hii iliniacha mdomo wazi, kulala ubavu unanyanyua mguu, nikamwambia dokta mi naumwa enka, akasema nyonga ikiyumba mguu unatua popote. Kuna na lile la kufupisha unyayo, umekaa, unaukunja upinde wa mguu bila kukunja vidole, ni dogo kuangalia ila lina jasho lake.

Hatua ya pili balansi, sakafuni, afu kwenye godoro dogo la sponji, afu kwenye ubao, afu hapo hapo anakurushia mpira. Hatua ya tatu ndo tamu na ndo sehemu nyingi wanaikata, kuruka na kutulia. Unaruka mbele kwa mguu mmoja unatua na unaganda, haruhusiwi mtu kusogea wala kugusa, umetulia kabisa ndo unaruka kurudi. Mbele, pembeni, mshazari, afu na mpira juu. Kuna programu ya wiki 4 ya aina hii ilipimwa Chuo Kikuu cha Virginia na McKeon na wenzake, 2008, watu wenye enka hizi wakapata nafuu kwa wanavyojisikia na kwa vipimo vya balansi pia. Mi kwangu hatua hii ndo iliyonirudisha uwanjani, ile ya kudaka hewani na kutua nikiwa naangalia mpira, siangalii chini.

Kwenye huduma hii nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba anapima tena. Karatasi ile ile ya maswali 9, rula ile ile, nyota ile ile, anakuonyesha namba za mwanzo na za sasa. Unaona kwa macho yako. Na alikuwa mkweli pia kwamba kama mazoezi ya miezi kadhaa yangegoma na mguu unaendelea kuachia, angeniandikia kwenda kwa daktari wa mifupa, maana upasuaji upo, wa Broström wa toka 1966 ambao Gould aliuongezea 1980, wanaikaza upya ligamenti ile ile yako, ila huko anaenda mtu aliyeshajaribu mazoezi vizuri na hata akipasuliwa mazoezi yale yale yanamsubiri.

Kasoro zipo. Bei sio ya kila mtu, kwa awamu moja ni kati ya elfu 30 na 40 na bima yangu haikukubali, kwa hiyo nilimwambia wazi na akapanga niwe naenda mara chache afu kazi kubwa nafanya nyumbani, hilo mwambie mapema usione aibu. Foleni ya jioni ni ndefu na chumba ni kidogo, mkiwa watu wengi hakuna nafasi ya kurukia, tulikuwa tunarukia koridoni watu wanapita. Na mazoezi ya nyumbani alikuwa ananitumia kwa video fupi za WhatsApp zisizo na maelezo, unajikuta unauliza kila mara, angeandika hata mistari miwili chini ya kila video ingesaidia sana.

Braisi sasa. Nazungumzia ile ya kamba, inafungwa kama kiatu mbele afu ina mikanda miwili inayovuka chini ya unyayo na kurudi juu pembeni kwa umbo la nane. Mpya niliipata kwa elfu 60 na kitu, mtumba zipo nafuu ila angalia velkro, ikiwa na manyoya manyoya haishiki na braisi bila velkro ni kitambaa tu. Ivalie juu ya soksi, kaza kamba kwanza mguu ukiwa umekunjwa kwenda juu, sio vidole vikiwa chini, afu ndo mikanda. Wiki ya kwanza kiatu changu kilibana nikalegeza kamba za kiatu, ikakaa. Kwenye kuruka sijaona kama inanipunguzia kitu, kwenye kugeuka nahisi kushikwa. Joto la Dar inatoa jasho mno, ifue kila baada ya mazoezi na ianike kivulini, usiivae imelowa utachubuka pale mbele ya enka.

Kuna watu wanasema braisi inaufanya mguu uwe mvivu. Nimelisikia sana hili, na ndo maana nataka niwape namba. Uholanzi walifanya utafiti kwa wanamichezo 384 waliotoka kuteguka, matokeo yakatoka 2014 na Janssen na wenzake, kundi moja likapewa mazoezi ya balansi ya wiki 8, kundi jingine braisi ya kuvaa wakicheza kwa mwaka mzima, la tatu vyote ila braisi kwa zile wiki 8 tu. Waliojitegua tena: wa mazoezi asilimia 27, wa braisi asilimia 15, wa vyote asilimia 19. Kwa hiyo kwenye kuzuia usiteguke tena ndani ya mwaka, braisi inafanya kazi na inafanya vizuri. Na Marekani kwenye shule za sekondari za Wisconsin, McGuine na wenzake 2011 waliwapa wachezaji wa basketi braisi za kamba, majeraha ya enka yakapungua kwa waliokuwa wameshawahi kuumia na kwa ambao hawajawahi pia, ingawa kwa wale walioumia pamoja na kuivaa ukali wa jeraha haukupungua. Mi msimamo wangu, braisi inakulinda ukiwa umeivaa, mazoezi yanaurekebisha mguu unaotembea nao mpaka jikoni, na kama wewe ni mchezaji chukua vyote viwili na braisi usiivue baada ya miezi miwili, maliza nayo mwaka.

Ubao wa balansi. Dukani nilikuta wa plastiki bei yake ikanikimbiza, nikaenda Keko kwa fundi seremala nikamwonyesha picha kwenye simu. Akakata duara la mbao kama sinia la wali wa watu wawili, chini akapigilia nusu tufe la mbao alilolichonga kwenye mashine ya kuchongea miguu ya vitanda, elfu 20 ikaisha. Mwambie apige msasa vizuri na juu agundishe kipande cha mpira au zulia jembamba, ukipanda na mguu wenye jasho juu ya vanishi unateleza na hapo ndo utategukia tena. Nusu tufe lisiwe refu sana kwa kuanzia, kama upana wa vidole vitatu inatosha, refu zaidi ni la watu walioshazoea. Weka karibu na ukuta au meza, viatu vua.

Kwa hela yake hakuna kitu kimenisaidia kama huu ubao, na sio mimi peke yangu, huko huko Uholanzi 2009 Hupperets na wenzake waliwapa wanamichezo waliotoka kuteguka programu ya ubao ya wiki 8 wafanye wenyewe nyumbani, bila msimamizi, jumla walikuwa watu 522 na nusu yao kama kawaida hawakupewa. Ndani ya mwaka waliojitegua tena kwa waliofanya ni asilimia 22, kwa wasiofanya 33. Bila kliniki, bila mashine, ubao na nidhamu tu. Kwa hiyo wewe uliye Kigoma au Lindi ambako fizio yuko mbali, usikae ukaona umeachwa, hili unaliweza, ila tu kama mguu umetoka kuumia jana na huwezi kupiga hatua 4 au mfupa unauma ukibonyezwa, hapo nenda hospitali kwanza, ubao baadaye.

Kitu kingine, akina dada wa timu yangu wengi wakiteguka wanakimbilia kuchuliwa usiku ule ule, bibi anavuta mguu mpaka unalia. Nawaheshimu sana wanaochua, mikono yao inajua mengi, lakini mguu uliotoka kuteguka ligamenti imechanika, kuivuta siku ile ni kuiongezea. Funga, nyanyua, uache utulie, na baada ya siku 4 au 5 ndo mtu anayejua akushike akupime, maana siku ya kwanza uvimbe na maumivu vinaficha kila kitu hata daktari mzuri hawezi kujua vizuri kama ligamenti imekatika au imevutika. Afu anza kukanyaga mapema kadiri unavyovumilia, kulala nao wiki mbili hausaidii.

Kwa wanaoniuliza nimpe nyota ngapi: fizio 4 kati ya 5, ile moja naikata kwa video na nafasi. Braisi ya kamba 4, joto tu. Ubao wa Keko 5. Soksi ya kubana 1. Ukipiga simu kuweka miadi kliniki yoyote uliza maswali mawili tu, mnapima balansi na goti ukutani siku ya kwanza? na mnarudia kupima baada ya wiki ngapi? Wakikujibu "njoo tu tutakuchua", tafuta namba nyingine. Na uende na kaptula na kiatu unachochezea, watataka kukuona ukiruka.